Wanafunzi Wanaposahihishana Insha: Maswali Yenu

Mwalimu, nikiwaambia wanafunzi wangu wa Gredi ya 8 wasahihishane insha, kila mmoja humwandikia mwenzake "kazi nzuri, endelea vivyo hivyo". Niwape alama?

Usiwape. Lakini maneno hayo wameyatoa kwetu. Ndiyo tunayoandika saa tano usiku, daftari la hamsini likiwa mkononi. Mtake kila msahihishaji anukuu sentensi ya mwenzake, aseme kasoro iko wapi na apendekeze cha kufanya. Mimi hutenga alama 5 kwa kazi hiyo, mbali kabisa na alama za insha yake mwenyewe.

Nitajuaje kama maoni hayo yametumika?

Rasimu ya kwanza isitupwe. Anapoandika ya pili, aeleze pembeni, kwa kila maoni: nimekubali, au nimekataa kwa sababu hii. Sehemu ya pili ndiyo inayonipa raha. Msichana mmoja darasani kwangu aliandika "maziwa yamemwagika", mwenzake akakata, akaweka "imemwagika", kama tunavyosema mtaani. Msichana akakataa, akaandika: maziwa yako ngeli ya YA-YA. Nikampa alama zote. Mvulana aliyemeza kila alichoambiwa, kosa likiwemo, alipata nusu na akanuna wiki nzima. Kutii si kuwajibika, na kukataa bila sababu nako hakuna alama.

Marafiki wanapeana kiwango cha juu, "kuzidisha matarajio", mahasimu cha chini, "mbali na matarajio". Nifanyeje?

Wanyang'anye viwango hivyo. Kupanga kiwango ni kazi yako. Wao waandike maoni tu. Kuficha majina hakusaidii sana, maana miandiko wanaijua. Kama shule ina mikondo miwili, badilishaneni madaftari na mkondo wa pili.

Mimi ni mzazi. Mwanangu amerudi analia eti kasahihishwa na mtoto mwenzake. Kwani mwalimu analipwa kwa kazi gani?

Pole, mama. Mtaala wa umilisi (CBC ya Kenya), unaopima kile mtoto anachoweza kufanya, unataka wanafunzi watathminiane, kwa hiyo si uvivu wa mwalimu. Hata hivyo fungua daftari usome. Ikiwa imeandikwa "aya hii haina mwisho", mbembeleze, kesho itapita. Ikiwa imeandikwa "wewe hujui kuandika", nenda shuleni. Hapo amesahihishwa mtoto, si insha, na aliyeandika hivyo anastahili sufuri.

Dakika 40 za kipindi zitatosha?

Kwa insha nzima, hazitoshi. Wape aya moja tu, na kalamu nyekundu ibaki kwako.