Bibi Shamba Anajibu: Kopo la Kila Jioni

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mtumishi, nimehamia Dodoma kutoka Muheza na nimejenga Nzuguni. Januari nilipanda miembe 8 ya kubebeshwa na michungwa 4. Mpaka Aprili ilikuwa inapendeza. Sasa ni Agosti, miembe mitatu imekauka, na iliyobaki majani yanaungua kuanzia nchani. Kwenye maji silazi damu: kila jioni kila mche unapata kopo la lita moja, kwa mkono wangu mwenyewe. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Kwetu Muheza mtu anapanda mchungwa anausahau, na unakua. Nakosea wapi?
*Baba Neema, Nzuguni*

Marahaba mwanangu, na pole kwa miembe yako. Kesho asubuhi kabla hujamwagilia, chukua kisu cha jikoni, ufukue shibiri moja kutoka kwenye shina la mche mmoja. Juu utakuta udongo una unyevu wa vidole viwili. Chini yake utakuta vumbi jekundu, kavu, gumu kama kigae. Kopo lako linaishia hapo kwenye vidole viwili.

Kwenu Muheza kuna masika na kuna vuli, na katikati manyunyu hayakosekani. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka haufiki milimita 600. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka Novemba. Mche uliopandwa Januari unapata miezi mitatu tu ya kushusha mizizi. Ukiuzoesha kunywa juujuu, mizizi inabaki juujuu, na upepo wa Agosti unaikuta hapohapo.

Naijua hali hiyo. Mwaka wa kwanza nilipohamia Mkonze nilipoteza miche 11 kati ya 15. Nilikuwa nimestaafu, nina muda, namwagilia asubuhi na jioni. Septemba nilipong'oa mwembe mmoja uliokufa, mizizi yote ilikuwa imejizungusha kwa umbo lilelile la kiriba ulichotoka nacho kitaluni. Hakuna hata mzizi mmoja ulioteremka. Nilikaa pale chini nimeushika, nikahesabu ndoo zote nilizobeba.

Kwa hiyo acha kopo. Tengeneza kingo za udongo kuzunguka mche, upana wa mita moja, kama sinia. Mimina lita 20 kwa mkupuo mmoja, taratibu, kisha usirudi mpaka siku ya tano au ya sita. Kama udongo wako ni wa kichanga, rudi siku ya nne. Kupima ni rahisi: baada ya saa mbili choma kipande cha nondo nyembamba ardhini. Kikizama mpaka urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko, maji yamefika. Kikigoma mapema, ongeza ndoo. Ukipiga hesabu, lita 20 kwa siku sita ni zaidi ya mara tatu ya kopo lako la kila siku.

Sasa hiyo chumvi, maana ndiyo inayounguza ncha za majani. Tazama udongo kuzunguka shina: kama una unga mweupe kama magadi, maji machache ya kila jioni yanapanda hewani na kuiacha chumvi juu, siku baada ya siku. Maji mengi kwa mkupuo yanaisukuma chini ya mizizi. Mvua zikianza, kinga maji ya bati yaingie kwenye visinia hivyo, yaoshe udongo. Maji ya kuoshea mboga na mchele mwagia mti. Ya sabuni ya unga ya kufulia usimwage hapo, yanaongeza chumvi nyingine. Na nikwambie ukweli: michungwa nayo itakusumbua kama miembe, kwa sababu haipatani kabisa na chumvi. Kama ungeniuliza kabla hujapanda, ningekuambia uweke mikomamanga na mipera sehemu ile inayotegemea kisima.

Tandaza mabua ya mtama au majani makavu juu ya sinia, unene wa kiganja, lakini acha shibiri nzima wazi kuzunguka shina. Mchwa wa huku hawana huruma: wakipata mabua yaliyogusa gome wanapanda moja kwa moja. Kila Jumapili inua matandazo uangalie. Upande wa magharibi wa kila mche simika matawi makavu, yaukinge na jua la saa tisa alasiri mpaka mvua irudi.

Mashimo ya kujazia ile mitatu yachimbe Oktoba, usingoje Januari. Sentimita 60 kila upande. Tenga udongo wa juu, uchanganye na ndoo mbili za samadi iliyoiva, ile isiyo na joto wala harufu. Chini ukikuta tabaka gumu linalorudisha sururu, tafuta mtaimbo ulivunje. Hapo usione uvivu, kwa sababu mzizi hauna mtaimbo. Panda mvua ya pili au ya tatu ikishalowesha. Ukichana kiriba, kata mizizi iliyojizungusha chini.

Bibi, nina mipapai 6 hapa Kikombo, yote imetoa maua, mitano haizai. Nimeambiwa niipigie misumari. Ni kweli?
*Mama Juma*

Usiipigie, mama, unaitia majeraha bure. Yaelekea mitano hiyo ni dume. Angalia: maua ya dume yananing'inia kwenye vikonyo virefu, mengi, membamba. Ya jike yamekaa karibu na shina, machache, yamenenepa chini. Acha dume mmoja, mingine ng'oa. Msimu ujao panda miche mitatu kila shimo, ikichanua ubakize jike. Mche mdogo haujionyeshi, hata muuza miche hawezi kukuhakikishia.

Shikamoo Bibi. Mwembe wetu wa kubebeshwa una miezi 9 na umechanua! Mume wangu anasema tuuache uzae, mimi naona bado mdogo. Pia chini umetoa tawi lenye nguvu sana.
*Mke wa mwalimu, Kongwa*

Marahaba binti yangu. Umeona sawa. Tawi la mche wa kubebeshwa limetoka kwa mti mzima, ndiyo maana linachanua mapema, lakini mizizi ni ya mtoto. Yakate maua yote mwaka huu na mwaka ujao. Namwelewa mume wako, maana ua la kwanza linauma kulikata. Mwambie mwaka wa tatu au wa nne atakula.

Lakini hilo tawi la chini ndilo lililonishtua zaidi. Tafuta kovu la kiungio kwenye shina. Kama tawi limetoka chini ya kovu, huo ni mwembe wa kienyeji wa chini, ule uliobebeshwa huo wenu, na ukiuacha utanyang'anya chakula chote mpaka ule mlioununua ufe. Likiwa bado laini lipachue leo kwa kidole, usilikate na kuacha kisiki. Halafu pita kila wiki mbili, litarudi.