Siku moja Venice wewe na mumeo: anzieni Frari, San Marco iacheni hadi alasiri

Dada, umeuliza: mnalala Mestre, ng'ambo ya Venice upande wa bara, mna siku moja tu ya Venice mwezi wa tano, mpite wapi, na je, gondola inafaa kulipiwa? Wenzangu hapo juu wamekushauri mkimbilie San Marco asubuhi. Mimi na mume wangu tunaishi Munich na Venice tumeizoea, na ushauri wangu ni kinyume chake. Kuanzia saa nne hadi saa tisa uwanja ule hujaa vikundi vinavyofuata bendera za waongozaji, hamtaona kitu zaidi ya migongo ya watu. Nendeni vikundi vikianza kurudi kwenye mabasi.

Kwanza ada. Tangu Aprili 2024 jiji linatoza wageni wa kutwa katika siku maalumu za masika hadi kiangazi: euro 5 ukilipa mapema, 10 ukichelewa kwa utaratibu wa 2025. Nyinyi mnalala Mestre, na Mestre imo ndani ya manispaa ileile, kwa hiyo hamlipi. Lakini lazima mjiandikishe kwenye tovuti yao mpate msimbo wa msamaha, muutunze kwenye simu.

Treni ya Mestre hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice, ni kama dakika kumi. Mkitoka tu nje ya kituo mnakutana na Mfereji Mkuu, maji hatua chache kutoka mlangoni. Simameni hapo kidogo, msiwe na haraka. Kisha vukeni daraja la Scalzi mtembee kwa miguu hadi kanisa la Frari, robo saa hivi. Mtapotea kwenye vichochoro, na hakuna ubaya, mji hauna gari wala pikipiki.

Frari ina mchoro wa Titian juu ya altare kuu, Kupalizwa kwa Mariamu, aliomaliza 1518. Ni mzuri kweli na watu wote hutazama huko. Nyinyi geukeni ukuta wa kushoto mtazame kaburi la Giovanni Pesaro, Doge, yaani mtawala wa Venice, lililojengwa 1669 kwa ramani ya msanifu Longhena. Limebebwa na Waafrika wanne wakubwa mno, waliochongwa kwa marumaru nyeusi na nyeupe. Mabegani wamewekewa mito ya marumaru, wameinamishwa na uzito, na nguo zao zimechanika. Mchongaji ameacha marumaru nyeusi ichungulie kwenye matundu ya kitambaa cheupe, kwenye magoti, kana kwamba ni ngozi yenyewe. Macho yao meupe yanakutazama ukiwa chini. Mume wangu alisimama pale muda mrefu bila kusema neno. Nimewahi kusikia mwongozaji akipita hapo na kikundi chake, akataja jina la Doge na la msanifu, juu ya wale wanne asiseme kitu. Ndiyo maana nawaambia mapema.

Kutoka hapo teremkeni kuelekea Rialto. Soko la samaki hufanya kazi asubuhi na halipo Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo chagueni siku vizuri. Daraja la mawe mnaloliona lilikamilika 1591. Kabla yake lilikuwepo la mbao, nanyi mtaliona mchana kwenye mchoro nitakaoutaja.

Chakula msikae mgahawa wenye picha za sahani mlangoni. Ingieni vibaa vidogo vya mtaani wanavyoviita bacaro, mle cicchetti mkiwa mmesimama: vipande vya mkate vilivyowekewa samaki au mboga, unachagua kwa kidole kwenye kabati la kioo. Sisi hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, na bado tunatoka tumeshiba. Ulizeni baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa na mafuta ya zeituni hadi akawa laini, mara nyingi juu ya polenta nyeupe, ambayo kwetu ni ugali uliokatwa na kuchomwa. Sarde in saor nazo msiziache: dagaa wakubwa wa kukaanga waliolala kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu. Ukikaa mezani bei hupanda, kwa hiyo simameni.

Hapo ndipo mkate tiketi ya boti, vaporetto, ya saa 24 kwa euro 25. Tiketi moja ni euro 9.50 na inadumu dakika 75 tu, nanyi mtapanda zaidi ya mara mbili. Kila mara gusisheni tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, faini yao ni kubwa.

Shukeni Accademia, jumba la makumbusho ya michoro. Kama miguu imechoka, ukumbi mmoja unatosha: wa michoro ya muujiza wa Msalaba. Katika ule wa Carpaccio, wa miaka ya 1490, kuna Rialto ya mbao, na chini yake mwendesha gondola Mwafrika, kijana aliyevaa maridadi, kasia mkononi. Waafrika wengi waliletwa Venice kama watumwa, na baadhi yao walipoachwa huru waliishi kwa kazi hiyo ya gondola. Ukimwona huyu baada ya wale wanne wa asubuhi, unaelewa kuwa watu wetu walikuwa na mitaa, kazi na majina katika mji huu.

Sasa San Marco, saa kumi hivi. Mabega na magoti yafunikwe, mtandio wako unatosha. Begi kubwa haliingii. Nunueni tiketi ya basilika mtandaoni, mwongeze ya ghorofani ili muwaone farasi wa shaba halisi. Walichukuliwa Konstantinopoli 1204, Napoleon akawapeleka Paris 1797, wakarudishwa 1815; wale wa nje ni nakala. Mnara wa kengele msipange foleni. Ule wa zamani ulianguka wote tarehe 14 Julai 1902 na huu ulijengwa upya ukamalizika 1912. Vukeni kwa boti namba 2 hadi kanisa la San Giorgio Maggiore, kisiwani ng'ambo ya maji, mpande mnara wa kule kwa lifti. Foleni ni fupi, na San Marco yenyewe mnaitazama mbele yenu, kitu ambacho mnara wake hauwezi kuwapa.

Gondola: bei rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana, 110 baada ya saa moja usiku, na ni ya chombo kizima, si ya kila mtu. Kama mumeo ameiota tangu utotoni, mpandishe bila kujuta. Kama ni kutaka tu kuonja, ipo traghetto, gondola pana inayovusha watu Mfereji Mkuu kwa euro 2, mojawapo iko San Tomà karibu na Frari.

Kurudi stesheni pandeni boti namba 1, inayosimama kila kituo. Vizieni viti vya nje mbele au nyuma, hata ikibidi kuiacha moja ipite.

Ukishajua tarehe itaje hapa. Jumapili Frari hufunguliwa kwa watalii mchana tu kwa sababu ya misa, na Jumatatu Accademia hufungwa mapema, kwa hiyo ikiangukia siku hizo nitakupangia upya.