Kilichokuwa kinanimaliza ni mashuka

Wiki hii mmeuliza: anayemuuguza mtu nyumbani apumzike vipi bila kumtelekeza mgonjwa? Nilimuuguza mama mkwe miaka mitatu baada ya kiharusi kumpooza upande wa kulia, na jibu langu linaanzia kwenye kosa.

Tulipozidiwa tulitafuta mtu mmoja wa kufanya yote: apike, afue, adeki, amwogeshe mama na kumlisha. Baada ya wiki mbili akaaga, wala simlaumu. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, asije akatoka vidonda vya kulalia upande mmoja, ni kazi inayojitosheleza, na sisi tuliiongezea beseni la nguo. Tena hakuna aliyemwambia kwamba mwenye kiharusi huweza kupaliwa hata na maji, hivyo hulishwa akiwa ameketi wima, kidogo kidogo. Na katika siku zote kumi na nne hakupata hata moja ya kupumzika! Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Sisi tulikuwa tukitafuta pumziko letu mgongoni mwake.

Mara ya pili nikajiuliza ni kipi hasa kinachonichosha. Hakikuwa mama, yalikuwa mashuka. Nikapata mtu wa kufua na kufanya usafi, asubuhi tatu kwa wiki, nami nikabaki na mama nikiwa bado na nguvu za kupiga naye soga. Wifi yangu angewajibu kinyume kabisa: kwake kupika ni starehe, kinachomuua ni kuamka usiku. Huyo mtafutieni mtu wa zamu ya usiku.

Kuna pia vituo vya mchana, mgonjwa anapelekwa asubuhi na kurudishwa jioni, na nyumba za uuguzi zinazompokea kwa siku chache. Hizi tulizijaribu mara moja tu, nilipofanyiwa upasuaji, na usiku wa kwanza mama hakulala. Ugeni wa mahali humvuruga mgonjwa, hasa aliyeanza kusahau. Laiti ningemzoesha mapema: saa mbili, kisha siku nzima, ndipo alale huko.

Anayekuja kukupokea mwachie daftari: dawa na saa zake, jinsi ya kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini, nani apigiwe simu. Mimi niliongeza mstari mmoja, "Usimwite bibi, hapendi," na msaidizi aliniambia ndio uliomfaa kuliko yote.

Baadaye shemeji akachukua Jumatano alasiri, kila wiki bila kusubiri aombwe. Nilikuwa na mipango mingi ya saa hizo. Mara nyingi nililala tu.