Kwa vijana wa fildi: kabla hujashika bati, isome Spitfire

Vijana mnaoanza fildi kwenye karakana za mabati, najua mnachora kwa kompyuta vizuri kuliko sisi tuliowatangulia, ila kuna kitu chuoni hukipati, mimi nilikipata kwa kusoma habari za Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, na mpaka leo nikikwama kazini narudi hapo.

Ile ndege ilipendwa jamani. Mwaka 1940, wakati wa vita na Wajerumani, watu wa kawaida kabisa kule Uingereza walichangishana, bei ya ndege moja ikapangwa pauni 5,000, mkifikisha basi jina mnalotaka linaandikwa ubavuni, watoto wakatoa vihela vyao na akina mama wakatoa masufuria ya alumini. Ukiiangalia unaelewa kwa nini, bawa lake limechongoka taratibu kama jani la mti, halina kona hata moja.

Sasa hilo hilo bawa ndilo lililowatesa mafundi. R. J. Mitchell na wenzake waliichora ikaruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, serikali ikaagiza 310 mwaka huohuo, lakini ndege ya kwanza kufika kikosini ilifika Agosti 1938. Kupinda bati pande mbili kwa wakati mmoja si mchezo, aliyewahi kulipiga nyundo anajua. Kile kiwanda kikubwa cha Castle Bromwich kilipewa watu wa magari, wanaojua kutoa vitu kwa wingi, na bado Mei 1940 kilikuwa hakijatoa hata ndege moja, ikabidi waletwe watu wa Supermarine wenyewe, kampuni ya Mitchell iliyoichora. Baadaye hapo hapo zilitoka karibu 12,000. Mimi mwenyewe karakana ya kwanza niliyoajiriwa nilichora mfuniko wenye mviringo mzuri sana, fundi mzee akauangalia akaniuliza, "Mwanangu, hii utaikunja na nini?" Sikuwa na jibu, nilikuwa sijawahi hata kuisogelea mashine ya kukunjia.

Ninachowaomba mkishike zaidi ni habari ya njegere. Ribiti (pini za kuungia mabati) za kulala, zile ambazo kichwa hakitokezi juu ya bati, zinakula muda kwa sababu kila tundu lazima ulitengenezee kitako chake. Walitaka kujua kama kweli zinahitajika ndege nzima, basi wakachukua njegere kavu zilizopasuliwa nusu wakazigandisha kwa gundi juu ya kila ribiti, ziwe kama vichwa vya duara, wakairusha, spidi ikashuka kama maili 22 kwa saa, halafu wakawa wanabandua safu moja moja na kurusha tena, mpaka wakajua ni wapi ulaini unaleta spidi na ni wapi hauleti kitu. Mbele ya bawa wakaacha za kulala, nyuma huko kwenye mwili zikatumika za kichwa cha duara. Njegere za jikoni hizo!

Na msiidharau Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza ya wakati huohuo. Nyuma ilikuwa mabomba ya chuma, mbao na kitambaa, mtu haikumbuki sana, ila ilitengenezeka haraka na kuzibika haraka, na kwenye mapigano ya 1940 ndizo zilikuwa nyingi kuliko Spitfire.

Septemba 1940 kiwanda cha Spitfire cha Woolston kule Southampton kilipigwa mabomu, kazi ikagawanywa kwenye magereji, madobi, mpaka karakana za mabasi, kipande kinatoka huku kingine kule na vikikutana lazima viingiliane. Kwa hiyo mchoro wako uandikie vipimo kama unampa mtu ambaye hutamwona kamwe. Siku ya kwanza ukifika, usianze na kompyuta, mtafute anayepiga ribiti ukae naye mpaka jioni, umuulize zipi zinamchosha, kisha rudi kwenye mchoro uangalie ni ngapi kati ya hizo zilikuwa na ulazima.