Kufungasha faili za CSS na JavaScript: ushauri kwa anayeanza kazi

Anayeanza kazi ya kutengeneza programu za wavuti huambiwa mapema kwamba faili zote za CSS (za mitindo ya ukurasa) ziunganishwe kuwa moja, na za JavaScript vivyo hivyo, kisha huonyeshwa amri ya kufungasha na kuachwa aendelee. Agizo hilo lilikuwa na sababu nzuri. Chini ya HTTP/1.1, toleo la zamani la kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, kivinjari hufungua miunganisho ipatayo 6 tu kwa seva moja kwa wakati mmoja, hivyo faili za ukurasa wenye faili 30 zilikaa foleni zikisubiri zamu, na kila ombi liligharimu safari ya kwenda na kurudi kwenye seva. Ndiyo maana Ruby on Rails 3.1, fremuweki (kiunzi cha kujengea programu za wavuti) iliyotoka mwaka 2011, ilikuja na utaratibu wake wa kuunganisha na kubana faili hizo, na zana kama Grunt, Gulp na webpack zikapata watumiaji wengi katika miaka iliyofuata.

HTTP/2, iliyopitishwa mwaka 2015, iliruhusu maombi mengi kupita kwa pamoja katika muunganisho mmoja, na hoja ya faili moja kubwa ikapungua nguvu. Haikufa. Moduli za JavaScript, yaani faili za msimbo, zinazoitana kwa mnyororo bado humchelewesha mtumiaji, kwa kuwa kivinjari hakiwezi kujua kwamba kuna moduli ya tatu mpaka kiwe kimeisoma ya pili. Tena gzip na Brotli, njia za kubana faili zinaposafirishwa, hubana vizuri zaidi faili moja ya wastani kuliko vipande vingi vidogo. Kwa hiyo tunaendelea kufungasha, lakini maswali ya kujiuliza kabla ya kuandika amri yoyote ni haya: faili hii hubadilika mara ngapi, na ni nani anayeihitaji? Ukiweza kuyajibu kwa kila kifurushi, mengi katika kazi hii yatakunyookea.

Anza na majina. Faili inayokwenda kwa watumiaji inapaswa kuwa na jina linalotokana na yaliyomo, kwa mfano app.3f9c1b7e.css, ambapo herufi za katikati ni heshi, yaani alama fupi iliyokokotolewa kutoka kwenye faili yenyewe. Herufi moja ikibadilika ndani, jina hubadilika. Faida yake ni kwamba seva inaweza kukiambia kivinjari kiitunze faili hiyo kwa agizo la Cache-Control: max-age=31536000, yaani sekunde za siku 365, bila hofu ya mtu kubaki na toleo la zamani, kwa sababu toleo jipya litakuwa na jina jingine. Ukurasa wa HTML wenyewe, ambao ndio unaotaja majina hayo, upewe no-cache, ambayo hukiruhusu kivinjari kuutunza lakini hukilazimisha kuiuliza seva kabla ya kuutumia. Wengi hukwepa utaratibu huu kwa kuongeza ?v=2 kwa mkono mwishoni mwa anwani, na husahau kuibadilisha kuwa 3 siku ile ile ya marekebisho ya haraka. Wengine humwambia mteja abonyeze Ctrl na F5. Mteja aliye Kigoma na simu mkononi hana kitufe hicho.

Majina hayo usiyaandike kamwe kwa mkono ndani ya kiolezo cha ukurasa. Kifungashaji hutoa orodha inayooanisha jina la asili na jina lenye heshi, na fremuweki huisoma. Katika Django, fremuweki ya Python, kazi hiyo hufanywa na ManifestStaticFilesStorage unapoendesha amri ya collectstatic, inayokusanya faili hizo. Nayo hufanya kazi hali ya DEBUG (ya kutafutia makosa) ikiwa imezimwa, ndiyo maana tatizo lake huonekana kwenye seva na si kwenye kompyuta yako. Miradi mipya ya Laravel, fremuweki ya PHP, tangu mwaka 2022 hutumia kifungashaji cha Vite badala ya Mix, na kiolezo huita @vite kwa jina la faili ya chanzo.

Utaratibu wa kupandisha faili kwenye seva unastahili uangalifu kuliko unavyopewa katika mafunzo mengi. Pandisha kwanza faili mpya za CSS na JavaScript, kisha ndipo HTML inayozitaja, na faili za zamani ziache kwa siku kadhaa. Mtumiaji aliyefungua ukurasa asubuhi anaweza kubofya alasiri sehemu ambayo skripti yake hupakuliwa inapohitajika tu; kivinjari chake kitaomba faili kwa jina la asubuhi, na kama umeifuta, sehemu hiyo itaganda bila maelezo. Hali huwa mbaya zaidi pale seva ilipowekwa ijibu kila anwani isiyoijua kwa index.html, yaani ukurasa mkuu. Skripti iliyokosekana hurudishwa kama HTML yenye hadhi ya 200 (ya kufanikiwa), na konsoli ya kivinjari hulalamikia alama ya < mwanzoni mwa faili. Ukiona lalamiko hilo, usianze kukagua msimbo wako: fungua paneli ya mtandao na utazame ni nini hasa kilichorudishwa. Kama kanuni ya kutunza mwaka mzima imewekwa kwa folda nzima, HTML hiyo inaweza kubaki kwenye kashe (hifadhi ya muda ya kivinjari) chini ya jina la skripti. Kwa hiyo folda ya faili hizi itengwe na kanuni hiyo ya index.html, ili faili isiyokuwepo ijibiwe 404, yaani haipo.

Kuhusu kugawanya vifurushi, maktaba za watu wengine hubadilika mara chache na msimbo wako hubadilika kila wiki, kwa hiyo viwe katika faili tofauti. Vikichanganywa, kurekebisha neno moja kwenye fomu kutamlazimu kila mtumiaji kupakua upya maktaba nzima ya React, na wengi wao hulipia data kwa bando. Maktaba ya kuchora chati inayotumika kwenye ukurasa wa msimamizi pekee iitwe kwa import(), inayopakua faili inapohitajika tu, katika ukurasa huo pekee. Tazama pia kilichomo ndani ya kifurushi kwa zana ya uchambuzi. Mara nyingi utakuta Moment.js, maktaba ya tarehe, pamoja na tafsiri za lugha zote, ilhali mradi huo wenyewe uliwekwa katika hali ya matunzo tu mwezi Septemba 2020. Na usidanganyike na ushauri wa zamani wa kuita maktaba ya jQuery kutoka seva ya umma eti mtumiaji anayo tayari kutoka tovuti nyingine: Chrome ilianza kutenga kashe kwa kila tovuti mwaka 2020, na Safari ilikuwa imetangulia.

CSS ina tabia zake. Kanuni mbili zenye uzito sawa hushindana kwa mpangilio, na iliyokuja mwisho ndiyo hushinda, kwa hiyo mpangilio wa kuunganisha ni sehemu ya muundo wa ukurasa. Anwani ndani ya url() huhesabiwa kuanzia mahali ilipo faili ya CSS, hivyo ukihamisha faili bila kifungashaji kujua, picha na fonti hupotea. Katika webpack kuna mtego mwingine: ukitangaza sideEffects: false (kwamba faili hazina athari za pembeni) katika package.json, faili ya maelezo ya mradi, ili msimbo usiotumika uondolewe, faili za CSS ulizoziita kwa import pekee zinaweza kuondolewa pia, na mitindo ikatoweka kwenye seva wakati kwako iko salama. Ziorodheshe faili hizo kama zenye athari.

Tofauti hiyo kati ya kompyuta yako na seva haiepukiki kabisa, kwa sababu seva ya maendeleo ya Vite, kwa mfano, hutoa moduli zako moja moja ilhali amri ya build huzifungasha. Kwa hiyo endesha build na uitazame kazi yako katika hali hiyo kabla ya kuikabidhi. Angalia pia herufi kubwa na ndogo: Windows itakubali Menyu.css pale ulipoandika menyu.css, Linux itakataa. Faili ya package-lock.json, inayoandika toleo halisi la kila maktaba, iwekwe kwenye Git, na seva ya kujengea itumie npm ci, inayosakinisha matoleo hayo hayo.

La mwisho linahusu siri. Kila kinachoingia kwenye kifurushi kinasomwa na yeyote anayefungua kivinjari, pamoja na thamani za mazingira (mipangilio inayowekwa nje ya msimbo) zinazoanza na VITE_ zinapotajwa katika msimbo. Ufunguo wa siri wa huduma ya malipo ya simu ukae kwenye seva, na kivinjari kiiombe seva yako ifanye malipo kwa niaba yake. Ukigundua kwamba ufunguo umeshatoka, kuufuta kwenye msimbo na kupandisha toleo jipya hakutoshi. Ufunguo ubatilishwe kwa mtoa huduma siku hiyo hiyo, kwani faili ya zamani iko kwenye kashe za watu, nawe umeiruhusu ikae humo mwaka mzima.