Usianze na mishahara, anza na kaya

Nimefanya udadisi wa kaya kwa miaka mingi, na ushauri wangu kwa anayetaka kuelewa kwa nini pengo la kipato linapanuka au kupungua katika nchi inayoendelea ni huu: usikimbilie mishahara. Tazama nani analeta kipato, kinatoka wapi, na ni wangapi wanakitegemea.

Ukimuuliza mkuu wa kaya kipato chake, atakutajia ujira wake tu. Muulize ada ya watoto ililipwa na nani, ndipo utakaposikia habari za binti aliye ughaibuni. Fedha za namna hiyo zina mambo yake. Wanaotangulia kusafiri huwa ni wenye nauli, kwa hiyo zinarudi kwenye nyumba zilizokuwa nazo tayari na pengo linapanuka. Njia ikishazoeleka, maskini nao huondoka, na mambo yanaweza kugeuka.

Ajira ya wanawake ni vivyo hivyo. Mama wa kaya maskini akipata kazi, pengo hupungua. Msomi akiolewa na msomi mwenzake, mishahara miwili minono inaingia nyumba moja, na pengo linakua hata kama hakuna aliyeongezwa hata senti.

Mchumi Simon Kuznets aliandika mwaka 1955 kwamba nchi inapokua kiuchumi, tofauti za kipato huongezeka kwanza, kisha hupungua. Tafadhali usiifanye kauli hiyo kuwa sheria. Nchini Brazili, kipimo cha Gini, kinachopima pengo la kipato kuanzia 0 (wote sawa) hadi 1 (mmoja ana vyote), kilishuka kutoka karibu 0.59 mwaka 2001 hadi karibu 0.53 mwaka 2011, na hakikushuka chenyewe. Wengi huisifu Bolsa Família, ruzuku ya kaya maskini iliyoanza 2003, na inastahili. Ila sehemu kubwa zaidi ilitokana na soko la ajira: kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, na kwa kuwa waliosoma waliongezeka, ujira wao haukuwaacha wenzao mbali kama zamani.

Jambo moja linaniuma. Matajiri ndio wagumu kuhojiwa. Mdadisi huishia getini, na dodoso linarudi tupu. Kwa hiyo ukiambiwa pengo limepungua, linganisha na takwimu za kodi kabla ya kushangilia. Zisipopatikana, andika wazi kwamba kipato cha walio juu kabisa hakikupimwa ipasavyo.