Ukipewa TEHAMA ya mkutano wa kimataifa, anzia meza ya usajili

Msomaji aliyeajiriwa karibuni na kampuni ya kuandaa mikutano ya kimataifa ameniandikia: washiriki 800, ukumbi uko Arusha, ofisi kuu iko London, anunue rauta gani? Ndugu yangu, rauta tutaifikia. Jiulize kwanza: intaneti ikikatika saa mbili na nusu asubuhi siku ya ufunguzi, foleni ya usajili itasimama au itaendelea?

Piga hesabu. Mshiriki mwenye msimbo wa QR kwenye simu huchukua kama nusu dakika mezani: kusomwa, kuchapiwa beji, kupewa kamba. Meza moja inahudumia watu 120 kwa saa. Ukitaka wote 800 wapite ndani ya saa moja unahitaji meza 7. Weka 8, maana kuna printa itakayogoma. Kisha tenga meza nyingine pembeni kwa wenye shida: jina limekosewa, malipo hayaonekani, mheshimiwa kaja na msaidizi asiyekuwemo kwenye orodha. Shida moja ya dakika kumi ikiachwa kwenye foleni ya kawaida inawachelewesha watu 20, na hao 20 ndio watakaokutangaza vibaya mpaka jioni.

Printa za beji ziwe za joto, zisizotumia wino, na ziunganishwe kwa waya. Printa ya usajili kwenye Wi-Fi ni kujitafutia balaa. Siku moja kabla, chapa beji 20 kwa majina halisi yaliyo magumu: marefu ya maneno manne, yenye ng', yenye herufi za Kifaransa. Ukiona é imegeuka kuwa alama mbili za ajabu, faili la orodha ya majina (CSV) limefunguliwa bila UTF-8, mfumo wa kusoma herufi za lugha zote. Lirekebishe hapo hapo, usingoje asubuhi.

Sasa ile intaneti inayokatika. Orodha yote ya washiriki ishushwe usiku kwenye laptopu moja itakayokuwa seva ya mapokezi. Meza zote ziongee na laptopu hiyo kupitia swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya) yao wenyewe, nayo ipeleke taarifa kwenye mfumo wa mtandaoni kila laini inaporudi. Weka laptopu ya pili yenye nakala ileile. Na karatasi, ndiyo, karatasi: orodha mbili, moja kwa jina la kwanza, nyingine kwa la ukoo. Wageni kutoka Ethiopia hawana jina la ukoo kama letu. La pili ni la baba. Ukiwa na orodha ya ukoo peke yake utawatafuta mpaka hotuba ya ufunguzi iishe.

Kuhusu laini za intaneti, wengi wanalipia kampuni mbili wakidhani wana akiba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania na Kenya zikalemewa kwa pamoja. Aliyekuwa na kampuni mbili zinazopita kwenye nyaya hizo hizo alikuwa na laini moja yenye ankara mbili. Muulize mtoa huduma kwa maandishi: data yangu inatoka nchini kwa waya gani, na waya huo ukikatika mnapitia wapi? Uliza pia faiba inaingilia upande gani wa jengo. Faiba mbili ndani ya mtaro mmoja hukatwa na jembe moja. Starlink, intaneti ya setilaiti, inasaidia pale iliporuhusiwa (Rwanda na Kenya tangu 2023, Burundi tangu 2024), lakini usibebe sahani kuvuka mpaka kwa kubahatisha. Forodha wataikamata, na kesi itakuwa ya kampuni.

Kasi ya kupandisha, yaani kutuma data nje, ndiyo inayowaangusha wengi, kwa kuwa wauzaji hutangaza ya kushusha. Matangazo mubashara ya video ya 1080p yanataka kama Mbps 6 (megabiti 6 kwa sekunde) kupanda. Ukirusha kwa Kiingereza na Kifaransa ni 12. Msemaji anayeingia kwa Zoom anahitaji 4 hivi. Jumlisha, zidisha mara mbili, na kiasi hicho kisiguswe na wageni. Wageni 800 wenye simu na laptopu ni vifaa 1,600. Ukimpa kila mmoja kikomo cha Mbps 2 au 3, laini ya Mbps 200 inatosha kwa barua pepe na WhatsApp, kwa sababu hawatumii wote kwa sekunde moja.

Rauta basi. Usivutiwe na Gbps zilizoandikwa kwenye boksi. Tazama idadi ya miunganisho inayohimili kwa wakati mmoja: vifaa 1,600 vikishika miunganisho 100 kila kimoja ni 160,000, na hapo rauta ya ofisi ndogo inapumua kwa taabu. Iwe na milango miwili ya laini za nje, na nunua mbili zinazofanana, ya pili ikiwa imeshanakiliwa mipangilio na kujaribiwa.

Kisha utakutana na fundi wa hoteli atakayekuambia Wi-Fi yao inatosha. Inatosha kwa vyumba vya kulala. Mwombe mlango mmoja wa Ethernet usiopitia ukurasa wao wa kuingilia, wenye anwani ya IP ya nje, na uombe wazime Wi-Fi yao ndani ya ukumbi siku za mkutano. Haya yaandikwe kwenye mkataba wa ukumbi. Ukiyaomba siku ya kufunga vifaa utaambiwa mwenye neno la siri yuko likizo.

Ndani ya ukumbi, masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Zima masafa hayo kwenye AP (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) nyingi na utegemee 5 GHz yenye chaneli za upana wa MHz 20. Upana wa 80 unapendeza kwenye majaribio ya mtu mmoja, ukumbi ukijaa unakuwa vurugu. AP 16 hadi 20 ni mwanzo mzuri kwa watu 800. Zima kasi za zamani za Mbps 1 hadi 11, majina ya Wi-Fi yasizidi matatu. Ukumbi ukiwa karibu na uwanja wa ndege, epuka chaneli 52 hadi 144: AP ikisikia rada lazima ihame, na hairuhusiwi kurudi kwa dakika 30.

Anwani za IP nazo. Mtandao uliowekewa ukubwa wa /24 una nafasi 254 za vifaa. Zikiisha, simu inaonyesha mawimbi ya Wi-Fi yana nguvu lakini hakuna kinachofunguka, nawe utakesha ukibadilisha AP zisizo na kosa. Tumia /20, yenye nafasi 4,094.

Tenganisha mitandao kwa VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya vifaa vilevile): usajili, matangazo, sauti, sekretarieti, wageni. Mafundi wa sauti wakitumia Dante, mfumo wa kupitisha sauti kwenye waya za mtandao, zima kipengele cha kuokoa umeme kwenye milango yao ya swichi, la sivyo sauti itakatikakatika na wewe ndiye utakayelaumiwa. Waya wa shaba usizidi mita 100. Zaidi ya hapo, faiba.

Umeme ukikatika, jenereta huchelewa sekunde kadhaa kushika. Swichi isiyo na UPS (betri ya akiba) inazima, inachukua dakika tatu hadi tano kuwaka, kisha AP nazo zinaanza upya. Kwa hiyo kila swichi na rauta iwe na UPS, lakini printa kubwa ya leza usiichomeke hapo kabisa. Na tafuta saketi isiyo ya wapishi. Soketi ya ampea 13 hubeba wati 3,000 hivi. Birika kubwa la chai na kikanza sambusa vikiwashwa pamoja, usajili unaingia gizani.

Wafanyakazi wanaotoka nje wana mambo yao. Namba za kuthibitisha zinazotumwa kwa SMS hazifiki simu ikiwa haina roaming. Wahamishie kwenye programu ya uthibitisho kabla hawajapanda ndege. Wanaotumia VPN ya ofisi kuu wakumbushe kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka watumiaji wa VPN Tanzania watoe taarifa. Mkutano ukiwa Dubai, wasitegemee kupigiana kwa WhatsApp, haipiti. Ukiwa Kigali, plagi zetu za pini tatu bapa zitahitaji adapta.

Siku ya kung'oa mitambo, funga akaunti za vibarua kabla hujakunja waya wa kwanza, na ufute orodha kwenye laptopu zote mbili za mapokezi. Nakala za pasipoti zilizokusanywa kwa ajili ya viza zisibaki kwenye barua pepe ya mtu: sheria ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ya Kenya ni ya 2019, na wageni wa Ulaya wana yao. Ukiwa na karatasi za forodha, hakiki namba za vifaa moja moja kabla ya kufunga makasha, maana kifaa kilichoingia kwa muda kisipotoka kitadaiwa ushuru.